Jino Limeng'oka, Limevunjika au Limesogea: Kutambua Tatizo na Kulishughulikia Kabla ya Kumfikia Daktari

Mdomo ukigongwa hutoa damu nyingi, na damu hiyo ikichanganyika na mate huonekana nyingi kuliko ilivyo, kiasi kwamba watu walio karibu huhangaika na damu na kulisahau jino. Kwa kawaida damu ya mdomoni hukoma ikikandamizwa kwa dakika chache, ilhali jino la kudumu lililolala kavu sakafuni linaendelea kufa kuanzia dakika lilipotoka, na hakuna daktari wa meno, hata awe bingwa wa namna gani, anayeweza kuurudisha muda huo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nusu saa ya kwanza, kipindi ambacho mgonjwa bado yuko mikononi mwa watu wasio madaktari.

Maelezo yamepangwa kwa kufuata kile unachokiona au mgonjwa anachokisikia, kwa sababu aliyepigwa mpira wa uso hajui, wala hana haja ya kujua, jina la kitabibu la jeraha lake. Anza na dalili inayofanana na ya mgonjwa wako, kisha soma sababu zinazoweza kuileta.

Kabla ya kutazama meno

Pigo lililotosha kung'oa jino linaweza kuwa limefanya mengine yasiyoonekana. Mgonjwa aliyepoteza fahamu, hata kwa muda mfupi tu, anayetapika, anayezungumza mambo yasiyoeleweka, anayesinzia isivyo kawaida, au anayetokwa na majimaji mepesi puani au masikioni, ni mgonjwa wa kichwa kwanza na wa meno baadaye, na anapaswa kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo, anayelalamika maumivu makali ya shingo asitikiswe wala kuinuliwa ovyo.

Mgonjwa mwenye fahamu zake aketi, ainamishe kichwa mbele na kutema damu badala ya kuimeza, kwa kuwa damu iliyomezwa huchafua tumbo na kumtapisha. Asiye na fahamu kamili usimrudishie jino wala usimwachie kitu chochote kilicholegea mdomoni, maana anaweza kupaliwa nacho.

Ukishajiridhisha na hayo, mwangalie mdomoni penye mwanga wa kutosha na uhesabu meno. Hesabu pia vipande vilivyopatikana. Hatua hii ya kuhesabu hupuuzwa mara nyingi, nayo itakuja kuwa na maana kubwa huko mbele.

Jino halionekani mahali pake

Pengo lenye damu lina maana zaidi ya moja. Huenda jino limeng'oka zima pamoja na mzizi wake. Huenda limekatika usawa wa ufizi na mzizi umebaki ndani. Na huenda, jambo ambalo wengi hawalitarajii, limesukumwa juu ndani ya mfupa wa taya hadi likatoweka machoni ingawa bado lipo. Njia rahisi ya kutofautisha ni kulitafuta jino lenyewe. Ukiliona chini likiwa na taji jeupe mbele na mzizi mrefu wenye rangi ya manjano unaochongoka nyuma, basi limeng'oka zima. Ukiona taji peke yake, lenye ukingo uliokatika, mzizi umebaki ndani ya taya. Usipoona chochote, usiingize kidole wala kifaa kwenye tundu ili kupekua. Mpeleke mgonjwa kwa daktari, ambaye picha ya eksirei itamwonyesha kama jino limezama au limetoka.

Jino likikutwa limeng'oka zima, jiulize swali moja kabla ya kufanya lolote: ni jino la utotoni au ni la kudumu? Meno ya utotoni ni 20, nayo huanza kupisha meno ya kudumu mtoto anapokaribia miaka 6. Meno ya kudumu ya mbele katika taya la chini huchomoza kati ya miaka 6 na 7, na yale mawili makubwa ya mbele juu huchomoza kati ya miaka 7 na 8. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 aliyepoteza jino la mbele amepoteza la utotoni, na kijana wa miaka 13 amepoteza la kudumu; shida ni kwa wale wa katikati. Kwao, tazama ukubwa na rangi: jino la utotoni ni dogo na jeupe zaidi, ilhali la kudumu ni pana, lina umanjano kidogo, na likiwa jipya ukingo wake huwa na vijimawimbi kama msumeno butu. Ukishindwa kuamua, lihifadhi kwenye maziwa kama ilivyoelezwa chini, umwachie daktari uamuzi.

Jino la utotoni halirudishwi. Chini yake kuna chipukizi la jino la kudumu linalokua taratibu, na kulisukuma jino la zamani ndani kunaweza kuliumiza hilo changa ambalo mtoto atalitumia maisha yake yote. Mkandamizie mtoto chachi au kitambaa safi kwenye pengo, mtulize, kisha mpeleke akaangaliwe. Lichukue jino pia, ili daktari ahakikishe limetoka zima.

Jino la kudumu lirudishwe, na lirudishwe pale pale. Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa anayeielewa hatakosea sana hata akisahau maelekezo. Mzizi wa jino umefunikwa na utando mwembamba wa nyuzi na seli hai zinazoushikilia kwenye mfupa. Jino linapong'oka, utando huo hupasuka, sehemu yake ikabaki kwenye tundu na sehemu nyingine ikabaki imeng'ang'ania mzizi. Seli zilizo kwenye mzizi ndizo zitakazoliunganisha jino upya na taya, na adui yao mkubwa ni ukavu: jino likikaa kavu kwa dakika 30 nyingi zimeshakufa, na likifikisha dakika 60 huhesabiwa kwamba hakuna iliyosalia. Kila kinachokaushwa, kinachokwanguliwa au kinachounguzwa kwa dawa ni seli hizo.

Kwa hiyo lishike jino kwa taji, yaani ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka, wala usiguse mzizi. Likiwa na mchanga au vumbi, lisuuze kwa upole kwa maziwa, kwa maji ya chumvi ya hospitali au kwa mate ya mgonjwa mwenyewe. Vikikosekana vyote, maji baridi ya bomba kwa sekunde zisizozidi 10 ni afadhali kuliko kuliingiza likiwa na uchafu. Usilisugue kwa mswaki, usilifute kwa kitambaa, usilioshe kwa sabuni, spiriti wala dawa ya vidonda. Vipande vya nyama vilivyoning'inia kwenye mzizi si uchafu. Viache kama vilivyo.

Lielekeze jino inavyostahili kwa kulilinganisha na mwenzake: upande wa mbele ni laini na umebinuka kidogo nje, upande wa ndani umebonyea kama kijiko. Liingize tunduni kwa kidole, taratibu na bila kusita, hadi ukingo wake ulingane na meno ya jirani. Damu iliyoganda ndani itasukumwa nje yenyewe. Kisha mgonjwa ang'ate kwa upole kitambaa safi au chachi ili lisitoke, na safari ya kwenda kwa daktari wa meno ianze. Jino likigoma kuingia usilishindilie. Huenda ukuta wa tundu umevunjika, na hapo njia ya kulihifadhi ndiyo sahihi.

Ninafahamu kwamba kumrudishia jino mtoto anayelia, mbele ya watu, ni jambo gumu kuliko linavyosomeka. Hata hivyo, maumivu yake huwa kidogo kuliko mzazi anavyoyaogopa, na jino likiingia limepinda kidogo daktari atalinyoosha. Lililokauka hana namna ya kulifufua.

Wapo ambao kwao haifai kujaribu nyumbani: mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, na yule ambaye jino lenyewe lilikuwa limeoza vibaya au linacheza kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Hao waende na jino lao likiwa limehifadhiwa, wamweleze daktari hali yao yote.

Jino haliwezi kurudishwa papo hapo

Pengine mgonjwa hakubali, pengine mdomo umeumia sana, pengine anayetoa huduma hana ujasiri. Usitumie muda kubishana. Litie jino kwenye maziwa baridi ambayo hayajachacha. Maziwa yamechaguliwa kwa sababu ukali wake na kiasi cha chumvi zake vinakaribiana na vya majimaji ya mwili, hivyo seli za mzizi hukaa ndani yake kwa saa kadhaa bila kuharibika upesi. Maziwa mgando, mtindi na maziwa yaliyotiwa ladha hayafai, kwa kuwa ukali wake ni tofauti.

Maziwa yasipopatikana, mgonjwa ateme mate kwenye kikombe kidogo na jino litumbukizwe humo, au lizungushiwe karatasi laini ya plastiki ya kufungia chakula pamoja na mate yake ili lisikauke. Mtu mzima aliyetulia anaweza kulibeba kati ya shavu na fizi, lakini mtoto asifanye hivyo, maana atalimeza. Maji ya chumvi ya hospitali yanafaa kwa muda mfupi. Maji ya kawaida ni chaguo la mwisho, kwa sababu hayana chumvi na huingia ndani ya seli hadi zikavimba na kupasuka. Pamoja na hayo, jino lililo kwenye maji lina hali nzuri kuliko lililofungwa kwenye karatasi ya shashi. Nalisema hili kwa kuwa tabia ya kulifunga jino kwenye shashi kavu na kulitia mfukoni imeenea mno, na wanaofanya hivyo hudhani wamelitunza.

Jino likiwa limekaa kavu zaidi ya saa moja, bado usilitupe. Uwezekano wa kushikana na taya kama zamani umekwisha, ila daktari anaweza kuamua kulirudisha ili lidumishe umbo la taya na sura ya mgonjwa kwa miaka fulani, hasa kwa mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua.

Ukifika kliniki, tarajia jino lifungwe kwenye meno ya jirani kwa waya mwembamba unaonyumbulika kwa wiki 2, au wiki 4 ikiwa mfupa wa tundu pia umevunjika. Mara nyingi mgonjwa hupewa antibiotiki, na jino likiwa ni la mtu aliyekomaa hufanyiwa matibabu ya ndani ya mzizi ndani ya wiki 2, kwa sababu mishipa iliyokatika kwenye ncha nyembamba ya mzizi haitaungana tena. Kwa mtoto ambaye ncha ya mzizi bado ni pana, daktari huweza kusubiri aone kama mishipa itajiotesha upya. Ikiwa jino lilianguka kwenye udongo, au kidonda kina uchafu, uliza kuhusu sindano ya pepopunda hata kama hakuna aliyekutajia.

Jino lipo lakini halipo mahali pake

Hapa mgonjwa husema kwamba jino limekuwa refu, limelala ndani, au akifunga mdomo linagonga kabla ya mengine. Jino lililorefuka na linalocheza limechomoka kwa sehemu kutoka kwenye tundu. Mtu mzima akilibonyeza polepole kwa kidole safi, au kwa kung'ata kitambaa, huweza kurudi, likikataa, aliache. Daktari atalinyoosha na kulifunga kwa wiki 2.

Jino lililolala mbele au nyuma huku likiwa gumu kabisa, halitikisiki hata kidogo, huwapotosha watu, kwa kuwa ugumu huo huonekana kama ishara njema. Mara nyingi maana yake ni kwamba ncha ya mzizi imetoboa ukuta wa mfupa na kukwama huko, na daktari akiligonga kwa kifaa hutoa sauti kali kama ya chuma. Usijaribu kulikwamua mwenyewe. Hilo huhitaji ganzi, na baada ya kunyooshwa hufungwa kwa wiki 4.

Jino lililofupika ghafla limesukumwa ndani ya mfupa. Kati ya majeraha ya kusogea, hili ndilo baya zaidi kwa jino la kudumu, kwa sababu seli za mzizi hupondwa dhidi ya mfupa na mishipa hukatika. Usilivute. Kwa jino la utotoni mambo ni tofauti kidogo: daktari mara nyingi huliacha lishuke lenyewe, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya miezi 6 ingawa huweza kufika mwaka 1, huku akifuatilia hali ya jino la kudumu lililo juu yake.

Ukigusa jino moja na kuona meno mawili au matatu yakitikisika pamoja kama kipande kimoja, tatizo haliko kwenye meno bali kwenye mfupa unaoyabeba, ambao umevunjika. Funga mdomo wa mgonjwa kwa utulivu, asiutumie kutafuna chochote, na afike hospitali siku hiyo hiyo.

Jino limevunjika au kumeguka

Ukubwa wa kipande si kipimo kizuri cha uzito wa jambo. Kinachotazamwa ni kile kilichofunuliwa. Kama ukingo uliomeguka ni mweupe wote, na mgonjwa hasikii lolote isipokuwa ulimi kukwaruzwa, ni enameli, yaani tabaka gumu la nje, pekee iliyopungua. Hakuna dharura, na kukwaruza huko huweza kuzuiwa kwa kipande cha nta laini hadi siku ya miadi. Kama ndani ya ukingo mweupe kunaonekana sehemu ya manjano, na hewa baridi au maji yanatia ganzi kali inayopita mara moja, tabaka la dentini, lililo chini ya enameli, limefunuliwa. Dentini imejaa mirija midogo inayoelekea kwenye kiini cha jino, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa, hivyo bakteria nao wana njia. Jino hilo lifunikwe na daktari ndani ya siku moja au mbili, na kabla ya hapo mgonjwa aepuke vya moto, vya baridi na vyenye sukari au uchachu.

Kama katikati ya palipovunjika kuna nukta nyekundu, au damu inachuruzika kutoka ndani ya jino lenyewe na si kwenye ufizi, kiini kimefunuliwa. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni madogo, na hasa kwa mtoto: jino changa likiwahi, daktari huondoa sehemu ndogo tu ya juu ya kiini, akaifunika iliyobaki ikiwa hai, na mzizi ukaendelea kukua hadi kukomaa. Usiweke aspirini, karafuu iliyosagwa wala kitu kingine chochote juu ya nukta hiyo. Aspirini iliyowekwa kwenye ufizi huunguza nyama na kuacha kidonda cheupe, na haiondoi maumivu zaidi ya ile iliyomezwa.

Kipande kilichovunjika kitunze kwenye maji au maziwa. Hakina seli hai za kuokoa kama mzizi, ila kikikauka hubadilika rangi, na kikiwa na unyevu daktari huweza kukigundisha pale pale kikakaa vizuri kuliko kijazio. Gundi ya madukani isitumike hata kwa muda; ina kemikali zinazodhuru kiini na fizi, na humpa daktari kazi ya ziada ya kuikwangua.

Hutokea pia jino likawa zima kwa nje, linacheza kidogo, taji limeshuka kidogo, na damu inaonekana kwenye ukingo wa ufizi. Huenda mzizi umevunjika ndani ya mfupa. Jeraha hili huonekana kwa eksirei tu, na matokeo yake ni mazuri kuliko jina lake linavyotisha: jino hufungwa kwa wiki 4, au hata miezi 4 kama mvunjiko uko karibu na shingo ya jino, pale taji linapokutana na mzizi, na mengi hupona bila kung'olewa.

Kipande hakipatikani popote

Hapa ndipo ile hesabu ya mwanzo inapofanya kazi. Tafuta chini, kwenye nguo na ndani ya mashavu. Ikiwa mdomo umechanika na umevimba, kipande kinaweza kuwa kimejificha ndani ya nyama ya mdomo. Kidonda kama hicho kisishonwe kabla ya kupigwa picha, kwa maana kikifungwa na kipande ndani kitaota usaha. Ikiwa mgonjwa ameanza kukohoa bila kukoma, anapumua kwa mluzi au sauti yake imebadilika, chukulia kwamba kimeingia njia ya hewa na umpeleke hospitali mara moja. Kipande kilichomezwa kwenda tumboni kwa kawaida hutoka chenyewe, lakini kuwa kimemezwa ni jambo la kuthibitishwa na daktari, si la kukisiwa.

Jino ni zima, halijasogea, lakini linauma

Pigo huweza kuponda nyuzi zinazolishika jino bila kulisogeza. Likiwa halichezi, linauma tu likiguswa au mgonjwa akitafuna, ni mtikisiko mdogo. Likicheza kidogo na kutoa damu ukingoni mwa ufizi, nyuzi kadhaa zimekatika. Yote mawili hutulia kwa kula vyakula laini kwa wiki 1 hadi 2, na kwa kulisafisha jino kwa mswaki laini badala ya kuliepuka, kwa sababu uchafu unaojikusanya kwenye ufizi ulioumia huchelewesha kupona. Parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti hutosha. Aspirini asipewe mtoto chini ya miaka 16, na haifai hata kwa mtu mzima ambaye damu bado inamtoka, kwa kuwa hupunguza uwezo wa damu kuganda.

Usidanganyike na kukosa hisia. Jino lililogongwa linaweza kutosikia baridi kwa miezi hadi 3 ilhali bado liko hai, kwa hiyo daktari anayesema tusubiri hajazembea.

Damu haikomi

Sababu ya kawaida ya damu kutokoma ni mkono usiotulia: mtu hukandamiza kwa dakika 2, akafunua kuangalia, akavuruga bonge lililoanza kuganda, kisha akaanza upya. Kunja chachi au kitambaa safi kiwe kinene, kiweke penyewe, na mgonjwa ang'ate au akandamize kwa dakika 15 mfululizo bila kufunua. Asisukutue wala kutema kwa nguvu katika muda huo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya mdomo kwa nje husaidia uvimbe na maumivu.

Damu ikiendelea baada ya majaribio mawili kama hayo, tafuta sababu nyingine. Ulimi na sehemu ya ndani ya mdomo hukatwa mara nyingi na meno yenyewe, na mkato mrefu au ulioachama huhitaji kushonwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye himofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, asisubiri majaribio hayo yaishe. Aende hospitali huku akikandamiza.

Meno hayakutani mgonjwa akifunga mdomo

Ikiwa hakuna jino lililosogea lakini meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, fikiria taya. Taya lililovunjika huambatana na uvimbe, maumivu ya kufungua mdomo, pengine ganzi kwenye mdomo wa chini na kidevu kwa sababu neva ipitayo ndani ya mfupa imeumia, na pengine damu kuvilia chini ya ulimi. Taya lililoteguka huacha mdomo wazi usioweza kufungwa. Katika hali zote mbili usilazimishe lolote; mgonjwa alishikilie taya kwa kiganja chake, ainame mbele ili mate na damu vitoke, na asile wala kunywa hadi aonwe, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Kidevu kilichopasuka kwa kuanguka kinahitaji uangalifu huo huo. Nguvu ya pigo husafiri kutoka kidevuni hadi kwenye maungio ya taya mbele ya masikio, na pia huweza kupasua magego bila mtu kuyashuku, kwani yeye analiona jeraha la kidevu tu.

Mambo yanayojitokeza wiki au miezi baadaye

Jino lililogongwa hufuatiliwa hata likiwa limetulia. Ratiba ya kawaida ni wiki 2, wiki 4, miezi 3, miezi 6 na mwaka 1, na kwa majeraha makubwa kila mwaka hadi miaka 5. Wengi huacha kwenda mara waya unapoondolewa, na hapo ndipo dalili zifuatazo huwakuta bila taarifa.

Jino likibadilika kuwa la kijivu, damu iliyovuja ndani imeacha rangi au kiini kimekufa. Kwa jino la utotoni rangi peke yake si sababu ya kuling'oa. Kwa la kudumu, ni sababu ya kupiga picha. Jino likigeuka manjano iliyokolea, mara nyingi nafasi ya kiini imejijaza kwa tishu ngumu na huenda lisihitaji matibabu yoyote. Kijipu kidogo kwenye ufizi kinachojaa na kupasuka, hata kisipouma, kinaonyesha usaha unaotoka kwenye ncha ya mzizi, na hakitapona kwa kusukutua maji ya chumvi wala kwa antibiotiki peke yake, kwa sababu chanzo kiko ndani ya jino ambako damu haifiki tena.

Ya mwisho huonekana kwa watoto na vijana walioendelea kukua baada ya jino kurudishwa. Jino linaonekana kufupika mwaka hadi mwaka, halitikisiki hata kidogo, na likigongwa linatoa ile sauti ya chuma. Halizami: utando wa mzizi ulikufa, mfupa ukashikana na jino moja kwa moja, na jino limesimama palepale huku taya na meno ya jirani yakiendelea kushuka. Mfupa utaendelea kuula mzizi taratibu. Mzazi anayeliona hilo amrudishe mtoto kwa daktari wa meno mapema kabla tofauti ya urefu haijawa kubwa, kwa kuwa daktari anaweza kulikata taji na kuuacha mzizi ndani ya taya, ili mfupa ubaki na unene wa kutosha kwa jino la bandia atakapokuwa mtu mzima.